Dawa ya Majani na Dawa ya Soko: Zote Tuzipime



Leo sitaandika juu ya kuchelewa kwa sala wala juu ya kelele ya bwenini. Ninataka kuandika juu ya maharagi. Najua wengine watacheka: "Kapita amekosa habari, sasa anaandika juu ya chakula." Mucheke, lakini musome mpaka mwisho, juu wengi wetu ni maharagi ndiyo inatulipia masomo.

Jumatano iliyopita kapita wa jikoni aliniita depo. Alifungua mufuko moja kati ya ile wazazi walileta mwezi wa kwanza, nyuma ya mavuno. Akatia mukono ndani, akatosha vumbi. Maharagi iliyobaki ilikuwa na matundu ya mviringo, ingine matundu matatu ao ine kwa punje moja, na vidudu vidogo vya rangi ya majivu vikaanza kupanda kwa mukono wake. Tulifungua mufuko wa pili, na wa tatu: vilevile. Jioni, katika refektori, ndugu wengine walimupigia mama mpishi kelele sawa vile ni yeye aliyetia fukusi ndani ya sufuria.

Kisha kelele ile, watu waligawanyika sehemu mbili. Wamoja walisema: "Tununue unga mweupe wa soko, vidudu vitakufa siku moja." Wengine wakajibu: "Hapana, tutie majani ya wazee, ile haina sumu, ni kitu ya asili." Walibishana mpaka kengele ya kulala. Mimi nilinyamaza, na si kwa sababu ya ukapita. Nilinyamaza juu mwaka jana, kwetu nyumbani, niliharibu mufuko muzima wa mama yangu kwa kujifanya mujuzi.

Niwaelezee. Mama alikuwa amevuna vizuri msimu ule. Yeye, kama wamama wengi wa hapa Kivu ya Kusini, alitaka kuuza yote mara moja, mwezi wa kwanza, wakati kila mutu anauza na bei iko chini. Hakufanya vile kwa ujinga. Alijua kwamba akichunga maharagi mpaka mwezi wa tano, bei itapanda, lakini fukusi zitakuwa zimekula faida na mutaji. Basi anauza kwa bei ya bure, na mwezi wa tano anarudi soko kununua maharagi ya watu wengine kwa bei kubwa. Kati ya ile bei mbili ndiyo minervali yangu ya mwisho wa mwaka inapotea.

Nikamwambia: "Mama, usiuze. Mimi ninasoma biolojia na kemia. Nitaichunga." Nyuma ya nyumba yetu kuna utupa, ule muti mudogo wenye maua meupe ao ya zambarau, ambao watu wabaya wanatwanga na kutupa ndani ya muto ili kuua samaki. Nilisikia kwamba unaua pia vidudu. Nilikata matawi asubuhi, umande bado ukiwa juu yake, nikapanga majani mabichi na maharagi, safu kwa safu, nikafunga mufuko kwa kamba, nikarudi masomoni na kichwa juu.

Kisha wiki tatu mama alisikia harufu. Alifungua, akakuta moto ndani ya mufuko na ukungu mweupe na wa kijani. Zaidi ya nusu tulitupa, juu maharagi yenye ukungu mutu hapashwe kula, hata ukiyapika muda murefu. Nyuma ya Pasaka nilirudishwa nyumbani pamoja na wale hawajalipa. Nilipofika, nyanya yangu aliniuliza swali moja tu: "Yale majani uliyakausha?" Nikasema hapana. Akaniuliza tena: "Na mimi, uliniuliza?" Sikuwa na la kujibu.

Yeye alikuwa akitumia utupa tangu ujana wake. Anachuma majani, anayakausha ndani ya kivuli, siyo kwa jua, mpaka yanavunjika mukononi. Anayatwanga, anayachunga kwa chungio, anachanganya ule unga na maharagi makavu kabisa, anatia ndani ya chungu na kufunga. Na kitu ingine ambayo sikujua: anafanya vile kwa mbegu tu. Maharagi ya kula hayatii utupa hata kidogo. "Kitu inaua samaki," alisema, "mimi sipike."

Tangu siku ile nilianza kuuliza walimu na kusoma. Nimeona kwamba nyanya alikuwa na haki kwa mambo mengi, lakini hata yeye hakujua yote. Basi maoni yangu ni haya: anayesema dawa ya majani ni ujinga wa zamani, amekosa. Anayesema jani haliwezi kuumiza mutu juu ni la asili, amekosa vilevile. Jani na unga wa soko vyote viwili vinapashwa kuulizwa maswali yaleyale: ni kitu gani, kiasi gani, kwa chakula gani, na kwa muda gani?

Tuanze na adui mwenyewe, juu hatuwezi kupigana na mutu tusiyemujua. Fukusi ya maharagi katika inchi yetu iko ya namna mbili kubwa. Kule juu milimani, kwa baridi, inazidi ile ambayo wanasayansi wanaita Acanthoscelides obtectus. Huko chini, kwa joto, kama bonde la Ruzizi, inapatikana zaidi Zabrotes subfasciatus. Ya kwanza inaanza kazi yake shambani: jike linataga mayai kwa maganda yaliyokauka. Ndiyo maana mutu anayeacha maharagi shambani siku mingi anabeba fukusi nyumbani pamoja na mavuno, na kisha anasema ni depo ndiyo mbaya. Ndani ya mufuko jike linatupa mayai hapa na pale kati ya punje. Ya pili inabandika yai lake juu ya punje. Kwa zote mbili, mutoto anayetoka ndani ya yai anatoboa punje, anakula na kukomea ndani, na kwa joto kisha mwezi moja hivi anatoka akiwa mukubwa. Kila tundu mnaloona ni mulango wa kutokea. Basi ukiona tundu, umechelewa: huyo amekwisha kula, na yuko anatafuta mahali pa kutaga.

Sasa majani yanafanya nini? Hayafanye kazi moja. Utupa uko na dawa zinazoitwa rotenoidi, na ile inayojulikana zaidi ni rotenoni. Wale wa biokimia watanielewa: inazuia seli kutumia oksijeni, hata kama hewa iko. Samaki inakufa vile, na fukusi vilevile. Kivumbasi kinapigana kwa njia ya harufu. Mwaka 1991 wachunguzi walioshugulika na desturi ya wakulima wa Rwanda, ambao wanatia kivumbasi ndani ya maharagi, walionyesha kwamba kuna mafuta ndani ya jani, inayoitwa linaloli, ambayo inaua Zabrotes. Majivu hayana sumu, lakini yanajaza nafasi kati ya punje ili kidudu kisitembee, na yanakwaruza ngozi yake mpaka kinakauka. Mafuta ya mawese ao ya karanga, kijiko kidogo kimoja, ni kusema mililita 5, kwa kilo moja ya maharagi, ukichanganya vizuri mpaka kila punje inangaa, yanaziba yai lisipate hewa.

Na tusisahau pareto. Ua lile lilipandwa tangu wakati wa wakoloni kwa milima ya Kivu ya Kaskazini, na dawa yake, piretrini, iliuzwa ng'ambo kwa watu wenye viwanda na maabara. Wazungu hawakuona haya kununua ua letu ili kuua vidudu vyao. Sisi tutaona haya gani?

Lakini hapa ndipo ninaomba wale wa sehemu ya pili, wale wa "asili", wanisikilize. Mwaka 2012 wachunguzi walionyesha kwamba utupa uko wa namna mbili kwa ndani. Namna moja iko na rotenoidi na inaua vidudu. Namna ya pili haina, na juu ya vidudu haisaidie kitu. Kwa macho ni muti moja. Katika Malawi walikuta ile ya pili ikipandwa na wakulima ambao walifikiri wako na dawa. Basi jirani akisema utupa wake unasaidia, na mwingine akisema ule wake ni bure, inawezekana wote wawili wanasema kweli. Huwezi kujua ule wako ni upi mpaka uujaribu.

Tena, rotenoni inayozuia seli ya fukusi haichague seli. Mwaka 2011, katika Marekani, uchunguzi juu ya watu waliotumia rotenoni kwa kazi ya shamba ulionyesha uhusiano kati yake na ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono. Wale walikuwa watu waliofanya kazi na dawa yenyewe, na rotenoni inaharibika kwa mwangaza na hewa, kwa hiyo sitaki kumuogopesha mutu juu ya chungu cha mbegu. Lakini nyanya alikuwa na akili kuliko wengi wetu aliposema utupa ni wa mbegu. Anayetwanga afunge pua na mudomo kwa kitambaa, anawe mikono, na mbegu ile isirudi jikoni hata njaa ikiingia.

Jambo lingine: vidudu vyenyewe vinabadilika. Kwa mihindi na mihogo mikavu kuna kidudu kinachoitwa dumuzi. Hakikuwa cha Afrika. Kilitoka Amerika ya Kati, na mwanzo wa miaka ya 1980 kilionekana Tabora, Tanzania, kisha kikaenea inchi kwa inchi. Wazee wa Tabora walikuwa na desturi zao za kuchunga mihindi, lakini desturi zile zilijaribiwa juu ya vidudu vya zamani, siyo juu ya mugeni yule. Kwa hiyo hata dawa iliyosaidia babu inapashwa kujaribiwa tena na mujukuu.

Sasa niwageukie wale wa unga mweupe. Sikatae dawa ya kiwanda. Kuna unga uliotengenezwa kwa ajili ya nafaka ya kula, wenye karatasi inayoonyesha jina la dawa, kipimo, na siku za kungojea mbele ya kula. Ukiwa nayo, soma na ufuate. Lakini ule unaouzwa soko ndani ya kakaratasi kadogo kalikofungwa, bila jina, bila kipimo, ni nini? Inawezekana ni dawa ya kahawa ao ya chawa za ngombe. Inawezekana ni chokaa tu. Muuzaji mwenyewe hajui. Na vidonge vile vya fosfidi ya aluminiumu, ndugu zangu, ni hatari kubwa zaidi. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, ambayo inaua panya, inaua fukusi, na inaua mutu aliyelala. Kwetu mufuko wa maharagi unakaa wapi? Unakaa ndani ya chumba, mara nyingi chini ya kitanda cha watoto. Basi anayeleta kidonge kile ndani ya nyumba analeta kifo, hata kama nia yake ilikuwa kuokoa chakula.

Wengine wataniambia: "Kapita, kuna mifuko mipya ya plastiki, yenye safu mbili ndani na mufuko moja inje, haiingize hewa, vidudu vinakufa bila dawa." Ni kweli. Mifuko ile ilitokana na kazi iliyofanywa Kameruni juu ya kunde, mwisho wa miaka ya 1980, pamoja na chuo kikuu cha Purdue cha Marekani. Mwenye kuipata aitumie. Hata bidoni kavu iliyojaa mpaka mudomo na kufungwa vizuri inafanya kazi ile ile, juu vidudu vinamaliza oksijeni na kufa. Lakini mama asiye na pesa ya mufuko ule leo, tumwambie angoje? Utupa, majivu na kivumbasi viko nyuma ya nyumba yake.

Basi ninaleta maombi yangu mbele ya wakubwa wa masomo na mbele yenu wote.

Kwanza, tusafishe depo. Mifuko ya zamani ichemshwe, sakafu ifagiwe mpaka pembeni, na maharagi iliyooza itoke inje. Kutia dawa mpya juu ya uchafu wa zamani ni kazi bure.

Pili, maharagi yote iliyobaki ianikwe kwa jua kali, juu ya shiti nyeusi, na kuchungwa kwa chungio. Ile tutakayokula itiwe mafuta, kijiko kimoja kwa kilo, ao majivu yaliyochungwa vizuri, ambayo yanaoshwa mbele ya kupika. Hakuna utupa ndani ya sufuria yetu, na hakuna unga usio na jina.

Tatu, tufanye jaribio la kweli. Tutachukua mitungi sita midogo, kila moja kilo moja ya maharagi ya mufuko moja, na kila moja fukusi 20 zenye uzima, mudomo ukifungwa kwa kitambaa chepesi. Wa kwanza hatutie kitu: huo ni shahidi wetu. Wa pili unga wa utupa mukavu, tuanze na gramu 20. Wa tatu kivumbasi kikavu, kipimo kilekile. Wa ine majivu. Wa tano mafuta. Wa sita tutaugeuza tu, asubuhi na jioni, bila kutia chochote. Musicheke huo wa sita. Mwaka 1991, katika Marekani, wachunguzi walionyesha kwamba ukigeuza chombo cha maharagi kila siku, mutoto wa Acanthoscelides anashindwa kutoboa, juu anahitaji muda murefu akijikaza kati ya punje mbili, na kila ukigeuza anapoteza mahali pake. Kisha mwezi moja, miwili na mitatu tutahesabu punje 100 za kila mutungi, ngapi ziko na tundu. Mwishoni tutapanda punje 20 za kila mutungi ili kuona ngapi zinaota. Maharagi ya utupa haitarudi jikoni. Hesabu tutaiandika ndani ya gazeti hili, hata kama itanipa mimi haya.

Ine, kila mutu akienda likizo aulize nyanya wake, ao mama muzee wa jirani, maswali haya: jani gani, linachumwa wakati gani, linakaushwa namna gani, kiasi gani, na kwa nini. Aandike. Asiseme "ni mambo ya wamama". Wavulana wengi hapa wanajua majina ya asidi kumi na hawajui mufuko wa nyumbani kwao unafungwa namna gani. Mimi nilikuwa mumoja wao, na mama yangu alilipa.

Tunasoma habari ya Yosefu, aliyechunga nafaka ya Misri miaka saba, na tunaipenda kwa sababu ya ndoto. Lakini kisha ndoto ile kulikuwa na kazi ya depo, mwaka kwa mwaka, ya watu waliopima na kuangalia nafaka isiharibike. Hiyo sehemu ya kazi ndiyo ninawaomba.

Jumamosi hii, saa nane, nitakuwa mbele ya depo na chungio mbili na daftari moja. Ninahitaji watu kumi. Wale waliomupigia mama mpishi kelele siku ya Jumatano waje wa kwanza, na mbele ya kushika chungio wapite jikoni kumuomba musamaha. Mimi nilikwisha kuomba wa kwangu kwa nyanya.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita mukubwa wa wanafunzi, finalisti wa biokimia